Feni ya Umeme Itakula Nini? Mwongozo kwa Mwenye Gari la Zamani

Mwenye Land Rover Series IIA ya mwaka 1966 akikwama kwenye foleni ya Mombasa Road jioni, mshale wa joto ukaanza kupanda, wazo linalomjia ni lile lile: ning'oe feni hii ya chuma, nifunge ya umeme. Wa kumuunga mkono hawakosi. Kirinyaga Road pale Nairobi zimejaa feni zilizofunguliwa kwenye magari ya Kijapani, Kariakoo na Ilala vivyo hivyo, na fundi wa kuifunga kwa mchana mmoja yupo. Anayekosekana ni mtu wa kumuuliza: feni hiyo itakula umeme gani?

Kwa gari la zamani, feni na mfumo wa kuchaji huamuliwa pamoja. Ukichagua kimoja bila kutazama kingine, utatoka kwenye gari linalochemsha uingie kwenye gari lisilowaka asubuhi. Waliounda Volkswagen Beetle waliliweka jambo hili wazi kuliko wote: feni inayopoza injini imefungwa kwenye shafti ya dainamo yenyewe, na mkanda mmoja unaviendesha vyote viwili. Ndiyo maana mwenye Beetle akiona taa nyekundu ya chaji imewaka njiani hasubiri kufika nyumbani. Anasimama hapo hapo, kwa sababu huenda mkanda umekatika na injini haipati upepo tena. (Beetle haina rejeta, kwa hiyo habari za feni ya umeme hazimhusu mwenye nayo. Ahakikishe mkanda umekaza, mabati yanayoongoza upepo yako kamili na raba inayozunguka injini iko mahali pake. Kuanzia hapa ninazungumza na wenye magari yanayopozwa kwa maji.)

Linachemsha likiwa wapi?

Kabla ya kununua chochote, jibu swali hili. Gari likichemsha kwenye foleni, kisha likapoa ukishika barabara wazi, kasoro iko kwenye upepo: feni yenyewe, kava yake, au mkanda unaoteleza. Likichemsha ukiwa kilomita 90 kwa saa kwenye tambarare, feni haihusiki. Kuanzia kilomita 50 au 60 kwa saa upepo wa mwendo unatosha, na feni ya aina yoyote haiongezi kitu cha maana. Hapo tafuta rejeta iliyoziba, pampu ya maji ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, mpira wa chini wa rejeta unaonyonywa na kubonyea ukikanyaga mafuta, taimingi iliyochelewa, au gasketi ya silinda hedi inayopitisha gesi. Hiyo ya mwisho hujitangaza. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, washa, tazama maji. Yakitoa mapovu mfululizo dakika baada ya dakika, sahau mambo ya feni, mtafute fundi injini.

Halafu kuna thamostati. Mafundi wengi wa kwetu wakikutana nayo huing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto na kidude hicho ni cha Wazungu wenye barafu. Hoja hiyo imeharibu injini nyingi. Thamostati ndiyo inayoamua injini ifanye kazi kwa joto gani. Bila hiyo, gari linalopanda Limuru asubuhi ya Julai linaweza kukimbia muda wote likiwa halijapata joto lake, oili ikakaa na unyevu na silinda zikalika mapema. Na kuna injini ambazo thamostati ina kisahani cha pili upande wa chini, ambacho huziba njia ya mkato maji yakishapata joto. Iking'olewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeiondoa ili gari lipoe, nayo inalichemsha. Rudisha thamostati, ya nyuzi 82 kwa magari mengi ya rika hili au kama kitabu cha gari kinavyosema, na uijaribu kwanza jikoni: sufuria ya maji, kipimajoto, uitazame inavyofunguka.

Rejeta nayo ichunguzwe kwa macho na kwa mkono. Pwani, hewa ya chumvi hula mapezi yake mpaka ukiyapitisha kidole yanaanguka kama majivu. Mabomba yanaweza kuwa mazima na yasivuje tone, lakini bila mapezi hakuna kinachotoa joto. Ndani ni hadithi nyingine. Miaka 40 ya maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ambao hauondoki kwa kumwagiwa maji ya bomba tu. Ukipata kipimajoto cha kuelekezea kwa mbali, washa injini mpaka thamostati ifunguke, kisha upime uso wa rejeta kipande kwa kipande. Penye baridi katikati ya penye moto, maji hayapiti. Rejeta za shaba za magari haya zinatengenezeka: fundi rejeta hufungua tangi la juu, husafisha kwa fimbo au hubadilisha kiini chote. Usikubali kuuziwa nyembamba ya aluminiamu yenye matangi ya plastiki kwa sababu tu inang'aa.

Kifuniko cha rejeta ni kitu cha bei ndogo ambacho wengi hukidharau. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 au chini yake kidogo, wakati Mombasa huchemka kwenye 100. Kifuniko huongeza mgandamizo, na kila pauni moja kwa inchi ya mraba hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja na nusu hivi. Raba yake ikichakaa, unapoteza nyuzi zaidi ya kumi bila kujua. Nunua chenye namba ile ile ya kiwandani. Ukiweka cha namba kubwa zaidi kwenye mipira na rejeta za umri huu, kinachofuata ni kupasuka.

Feni ya chuma ina haki yake

Feni inayoendeshwa na mkanda haihitaji waya, fyuzi, rilei wala swichi. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: kwenye foleni, pale unapoihitaji sana, injini iko kwenye mizunguko 700 au 800 kwa dakika na feni inavuta upepo kidogo, na kwenye mwendo wa kasi, pale usipoihitaji, inakula nguvu na kupiga kelele. Ila usisahau milima. Ukipanda Kitonga kwa gia ya pili umebeba mzigo, mwendo ni mdogo lakini injini iko juu, na hapo feni ya chuma inavuta upepo ambao feni nyingi za umeme za bei nafuu hazifikii.

Malalamiko mengi kuhusu feni ya chuma ni malalamiko ya kava iliyopotea. Siku moja, miaka ya nyuma, rejeta ilifunguliwa, kava ikawekwa kando ya gereji, na haikurudi tena. Bila kava, ncha za mapanga huchota hewa ya moto iliyo nyuma na kuizungusha pale pale. Fundi bati anaweza kukutengenezea nyingine nusu siku: ifunike uso wote wa rejeta, tundu lake lizidi mapanga kwa unene wa kidole pande zote, na mapanga yakae nusu ndani ya tundu na nusu nje. Angalia pia kama feni imefungwa kinyumenyume. Hutokea kuliko unavyodhani, na ikigeuzwa bado inasukuma upepo upande ule ule, lakini kidogo mno. Na kagua mashina ya mapanga kama yana nyufa. Panga likikatika injini ikiwa kasi hutoboa boneti, kwa hiyo usisimame mkabala na feni mtu anapokanyaga mafuta.

Magari ya baadaye kidogo, kama Mercedes-Benz W123 au Toyota Crown, mengi yana feni yenye klachi ya mafuta mazito ya silikoni, ambayo hulegea injini ikiwa baridi na kukamata ikipata joto. Ukiona mafuta yametapakaa mbele ya klachi, au feni inazunguka bila ukinzani wowote kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa, klachi imekufa. Badilisha klachi, uache mengine.

Peugeot wana njia yao, na kwa kuwa 504 ziliunganishwa Mombasa mpaka mwaka 2004, wengi tunaishi nazo. Kwenye 404 na 504 nyingi feni imekaa juu ya puli ya pampu ya maji bila kuikamata. Katikati kuna sumaku ya umeme. Maji yakifika joto lake, swichi kwenye rejeta hupeleka umeme kwenye brashi ndogo ya kaboni, brashi inagusa pete inayozunguka, sumaku inavuta, na feni inakamatana na puli. Sumaku hiyo hula umeme kidogo tu, kwa hiyo mfumo wa kuchaji hauelemewi. Mafundi wasioifahamu huichomelea feni kwenye puli au huipitisha bolti ili ikamate moja kwa moja. Usiruhusu. Zima injini, chukua waya wenye fyuzi kutoka kwenye betri, gusa ile brashi. Ukisikia "tak", koili ya sumaku ni nzima, na kasoro ni swichi, waya, au brashi iliyokwisha. Usiposikia, safisha pete kwa msasa laini, ujaribu tena. Pengo kati ya sumaku na kitovu cha feni ni chini ya nusu milimita, nalo hurekebishika kwa skrubu.

Hesabu ya ampia

Sasa tuseme umekagua yote hayo na bado unataka feni ya umeme. Sababu nzuri zipo: umefunga kiyoyozi na kondensa iko mbele ya rejeta, umeweka injini nyingine na feni ya chuma haienei, au unavuka mito na unataka kuizima feni kwa swichi, jambo ambalo madereva wa Land Rover wa zamani walilifanya kwa kufungua mkanda kabla ya kuingia majini. Kutaka gari lionekane la kisasa hakumo kwenye orodha hiyo.

Chukua karatasi. Ni usiku, mvua inanyesha, uko kwenye foleni, mguu kwenye breki. Taa kubwa mbili za halojeni za wati 55 zinakula karibu ampia 9. Taa ndogo na za dashibodi, 3. Waipa, 4. Koili ya kuwasha, 4. Taa za breki, karibu 4. Jumla 24, na bado redio na chaja ya simu hujazihesabu. Dainamo ya Lucas C40 iliyokuwa kwenye Land Rover hiyo na magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 hutoa ampia 22, na hizo ni kwa mwendo mzuri. Injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa dainamo haitoi kitu. Taa nyekundu inapepesa na kila kitu kinakula betri. Ongeza feni ya inchi 14 inayokula ampia 15, umefika 39. Kwenye betri ya ampia-saa 60, foleni ya saa moja imemaliza zaidi ya nusu, na ukizima injini usitegemee iwake tena.

Hesabu hiyo ina afueni moja. Feni ya umeme haizunguki muda wote. Inawaka na kuzima, na mfumo ulio mzima huipa mapumziko marefu. Lakini usiipange hesabu kwa siku nzuri. Ipange kwa ile ya mvua na foleni.

Kwa hiyo: dainamo na feni kubwa ya umeme haviendi pamoja. Yeyote atakayekuambia vinakwenda, muulize gari lake hutoka saa ngapi na hurudi saa ngapi.

Dainamo ibaki au iondoke

Kama gari lako hutoka Jumapili mchana, au unalipeleka kwenye mashindano ya Concours pale Ngong Racecourse ambako waamuzi hutazama uhalisi, iache dainamo. Ni mashine ya kudumu: brashi mbili, beringi, na kata-auti, lile boksi linalodhibiti chaji, inayohitaji kusafishwa na kupimwa. Kuijua kama ni nzima ni rahisi. Fungua nyaya za D na F kwenye dainamo, ziunganishe terminali hizo mbili kwa kipande cha waya, weka mita ya volti kati yake na bodi ya dainamo, kisha pandisha injini polepole. Volti zipande taratibu, bila kurukaruka, mpaka 14 au 15, na hapo uache; usiikimbize zaidi. Zikipanda vizuri na gari halichaji, lawama ni ya kata-auti au nyaya. Zisipopanda, fungua dainamo utazame brashi na komuteta kabla ya kuihukumu. Ukibaki na dainamo, taa za mbele za LED zenye ubora zitakupunguzia mzigo wa taa hizo kwa zaidi ya nusu, na huo ndio ukarabati wenye faida kubwa kuliko yote kwa gari la namna hii, ingawa macho ya wapenda uhalisi hayataufurahia.

Kama gari ni la kila siku, au unakwenda safari za usiku, weka altaneta. Lucas wenyewe walishahamia huko, na Land Rover Series III ilipotoka mwaka 1971 ilikuja nayo: 16ACR ya ampia 34. Wapo pia Uingereza wanaojenga altaneta ndani ya umbo la dainamo, puli na bolti zikikaa pale pale, kwa anayetaka sura ya zamani na umeme wa kisasa. Si rahisi, na bei inauma, lakini kwa gari la thamani inastahili kufikiriwa.

Altaneta ipi

Namba iliyoandikwa kwenye altaneta ni ya kasi kubwa. Kwenye mizunguko ya chini nyingi hutoa theluthi moja hadi nusu ya namba hiyo. Ile ya ampia 34 basi itakupa 15 hivi ukiwa foleni: bora kuliko dainamo, lakini kwa feni ya ampia 15 na taa haitoshi. Kwa gari lenye feni moja ya umeme na taa za kawaida, tafuta ya ampia 55 hadi 65, yenye regyuleta ndani. Nippondenso za Toyota ndogo za petroli na Bosch za magari ya Ulaya zinapatikana kwa urahisi na mafundi wanazijua kwa kufumba macho.

Usivutwe na ya ampia 100. Mkanda mmoja mwembamba wa V hauwezi kuizungusha ikiwa na mzigo. Utateleza, utalia, utaungua, na kwa kuwa mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, umerudi kwenye kuchemsha ulikotoka. Tazama pia puli. Dainamo huwa na puli kubwa kwa sababu haivumilii kasi sana. Altaneta inavumilia, na inataka puli ndogo ili izunguke mara mbili hadi mbili na nusu kwa kila mzunguko mmoja wa injini. Fundi akiihamisha puli ya dainamo kwenye altaneta kwa kuwa "inaingia", umepoteza faida yote ya foleni.

Dukani kuwa mwangalifu na mawili. Altaneta za Hiace na Hilux za dizeli nyingi zina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni, inayohitaji mpira wa oili; hiyo haikufai. Na baadhi ya zile za Land Cruiser na malori madogo ni za volti 24. Soma kibandiko. Kama kimefutika, mwambie muuzaji mwende pamoja kwa msuka koili ikapimwe kwenye mashine kabla hujatoa pesa.

Kuifunga bila kuiunguza

Jambo la kwanza ni athi. Kwenye magari mengi ya Kiingereza mpaka katikati ya miaka ya 1960, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Land Rover zilibadilika mwaka 1967. Altaneta ya kawaida inataka hasi kwenye bodi, na ukiiunganisha kinyume daiodi zake zinaungua papo hapo, hata kabla hujawasha injini. Kubadili si kazi ngumu: geuza betri, badilisha nyaya za koili na za amita ziwe kinyume, na ondoa redio ya zamani. Stata haitajali. Kama unabadili athi huku unabaki na dainamo, ipe sumaku upya: kabla ya kuwasha, gusisha waya kutoka chanya ya betri kwenye terminali ya F kwa sekunde moja, ukiwa umeuchomoa waya wake.

Boksi la kata-auti liache mahali pake kwa sura, lakini ndani halitafanya kazi tena. Kwenye Lucas RB106, nyaya za A, A1 na ule mnene wa D huunganishwa pamoja, na ule mwembamba wa taa ya chaji huunganishwa na waya wa F, ambao sasa unakwenda kwenye terminali ya taa ya altaneta. Waya mnene wa zamani ulikadiriwa kwa ampia 22. Usiulazimishe kubeba 60. Vuta mwingine mpya wa milimita za mraba 10 kutoka altaneta moja kwa moja hadi terminali ya betri kwenye solenoidi ya stata. Amita ya dashibodi mara nyingi mwisho wake ni 30. Ikibaki kwenye njia ya chaji itaungua nyuma ya dashibodi, mahali pabaya pa kuwaka moto. Weka mita ya volti badala yake.

Taa nyekundu ya chaji isidharauliwe. Umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndogo, ya wati 2 na kidogo, ndio unaoiamsha altaneta. Ikiungua, au ukiweka ya LED, altaneta nzima haitachaji mpaka uipandishe injini juu sana, na fundi atakuambia imekufa. Mara nyingi altaneta "mbovu" inayouzwa kwa bei ya kutupa imeponzwa na balbu.

Feni yenyewe

Ya kuvuta, iliyo nyuma ya rejeta, ni bora kuliko ya kusukuma iliyo mbele, kwa sababu ya mbele huziba upepo ukiwa kwenye mwendo. Ya mbele ni ya aliyekosa nafasi au mwenye kondensa. Mota ya feni ikigeuzwa nyaya huzunguka upande wa pili, lakini mapanga yamepindwa kwa upande mmoja, kwa hiyo usikubali ya kusukuma igeuzwe kuwa ya kuvuta kwa ujanja wa nyaya. Unaponunua ya mtumba, pima kipenyo na kina, izungushe kwa mkono usikilize beringi, kisha iwashe kwa betri na upime ampia kwa mita ya kubana. Ikianza hutumia mara mbili au tatu ya kawaida kwa nukta chache. Hiyo si kasoro.

Ifunge kwa vyuma vinavyoshikwa na fremu ya rejeta. Zile tai za plastiki zinazopitishwa katikati ya mapezi husagasaga mabomba kwa mtikisiko, na kwenye barabara ya changarawe haitachukua muda kabla ya kuona matone. Ukiondoa feni ya chuma, puli ya pampu inabaki na bolti zile zile, sasa ni ndefu kwa unene wa feni iliyotoka. Zikiingia zote zinaweza kukwaruza bodi ya pampu. Zikate au ununue fupi.

Umeme wa feni upite kwenye rilei ya ampia 40, na fyuzi ya 30 iwe karibu na betri. Terminali 30 inapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda kwenye feni, 86 inachukua umeme wa swichi ya ufunguo, na 85 inakwenda athi kupitia swichi ya joto. Kwa kuchukua umeme wa 86 kwenye ufunguo, ukizima gari feni inazima nayo na betri haiibiwi usiku. Swichi ya joto iwake kwenye nyuzi 92 hadi 95 na kuzima karibu 87, kama thamostati ni ya 82. Ikiwaka chini ya kiwango cha thamostati, feni haitapumzika milele. Mahali pake pazuri ni tundu lililochomelewa kwenye tangi la rejeta. Kipande cha bomba chenye tundu kinachokatiwa kwenye mpira kinafaa pia, ila kipe waya wake wa athi kwa sababu raba imekizunguka pande zote. Zile zenye kijiti kinachosukumwa chini ya mpira huvuja. Ongeza swichi ya mkono kwenye dashibodi ya kuilazimisha feni kuwaka, na taa ndogo ya kukuonyesha kwamba imewaka.

Sasa pima. Gari likiwa na joto lake, washa taa kubwa, waipa na feni, acha injini kwenye mizunguko ya chini, weka mita kwenye betri. Volti 13 na zaidi, umefaulu. Zikiwa 12.5 na zinashuka, altaneta ni ndogo, puli ni kubwa, au mkanda unateleza. Pandisha injini kidogo: zikae kati ya 13.8 na 14.4. Kisha, mzigo ukiwa umewashwa, pima kati ya terminali kubwa ya altaneta na chanya ya betri. Ikizidi volti 0.3, waya ni mwembamba au kiungo kina kutu. Fanya hivyo upande wa athi, kutoka bodi ya altaneta hadi hasi ya betri. Hapo ndipo utakapogundua kuwa waya wa athi wa injini umefungwa juu ya rangi mpya aliyoipiga fundi wako.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, zipeleke kwa fundi rejeta pamoja na thamostati na kava. Mwezi ujao altaneta. Feni ya umeme ingoje, na wengi wakifika hapo hukuta hawaihitaji tena. Dainamo uliyoifungua usimpe muuza chuma chakavu: ipake mafuta, ifunge kwenye mfuko, andika tarehe. Siku ukiliuza gari, mnunuzi anayejua anachokitaka atakuuliza iko wapi kabla ya kutaja bei.